Tonton Kadi na Radi

Miguu yake ndiyo iliyojua kwanza. Kwenye uwanja wa golfu wa kwetu wachezaji wanavaa viatu vya meno, na makadi wanavaa buti za mpira kwa sababu ya nyoka. Yeye alitembea pekupeku. Mara kwa mara alisimama katikati ya majani, mguu mmoja juu, kama kuku anayesikiliza. Wageni walicheka. Sisi wa kartie, watu wa mtaa, hatukucheka. Tulingoja kuona kama mguu ule utarudi chini taratibu, au kama atageuza uso kutazama mbingu upande wa mto.

Ninamwita tonton kadi, yaani mjomba kadi, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita, wadogo na wakubwa. Kadi ni yule anayembebea mchezaji begi la fimbo, anatembea naye kutoka shimo hadi shimo, anamwambia upepo unatoka wapi na mpira upigwe kwa fimbo ipi. Kisangani makadi ni wengi kuliko wachezaji. Vijana wanakaa juu ya ukuta wa klabu tangu asubuhi wakingoja gari liingie. Kati yao yeye peke yake alikuwa na mvi, na yeye peke yake hakukimbilia gari. Alibaki kwenye meza ya mama yangu anakunywa chai, mpaka mchezaji mwenyewe aje kumwita.

Mama anauza chai na mikate, ile midogo ya duara ya kukaanga, mbele ya lango la klabu. Mimi ninamsaidia nikitoka masomoni. Mimi ni mtu wa haya. Mwalimu akiniita ubaoni mkono unatoa jasho mpaka chaki inalowa. Donc, basi, pale mezani kazi yangu ilikuwa kufunga mikate kwenye karatasi na kutosema kitu, na wateja wengine walidhani mimi ni bubu. Tonton kadi hakudhani hivyo. Kila siku alinisalimu namna moja:

«Jambo, mama mudogo. Usinijibu, nimesikia.»

Nilimpenda kwa ajili ya hilo tu. Mengine nilikuja kuyajua baadaye, na mengine ningependa nisiyajue.

Uwanja wetu hauna nyasi laini kwenye mashimo kama zile tunazoona kwenye televisheni. Kuzunguka kila shimo kuna mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya gari, mweusi, na kila mchezaji akimaliza, kadi lazima ausawazishe kwa ubao. Vijana waliufanya haraka haraka, shwa shwa, wakaondoka. Yeye alirudi kinyumenyume, akivuta ubao mbele yake, akifuta mpaka nyayo zake mwenyewe. Akifika ukingoni ungesema hakuna aliyepita hapo. Nilipenda kumtazama akifanya hivyo, kutoka kwenye uzio. Lakini pia ilinipa baridi kidogo, sijui kwa nini.

Alikuwa Mwislamu wa zile familia za zamani za mjini, na kofia yake nyeupe haikuwahi kuwa na doa, hata wakati suruali ilikuwa imejaa matope. Saa ya sala ikifika aliweka begi chini na kumwambia mchezaji, «Patron, kidogo,» na patron alingoja, hata kama ni mkubwa wa namna gani. Hakuwa na hofu na wakubwa. Siku moja prezida wa komite ya klabu alisogeza mpira wake kwa ncha ya kiatu ili utoke kwenye majani marefu. Tonton kadi akauchukua, akaurudisha palepale ulipokuwa, akasema, «Prezida, ulisahau mupira yako huku.» Makadi walicheka wiki nzima.

Mtu huyohuyo kwenye dame, ule mchezo wa drafti, alikuwa mwizi. Walicheza na mama kwa vifuniko vya chupa, kwenye ubao uliochorwa kwa makaa, na aliiba mbele ya macho yako.

«Tonton, kifuniko yangu ilikuwa hapa.»

«Ilitembea. Bifuniko bya siku hizi biko na miguu.»

«Na wewe uko na mikono murefu! Kila siku unasali, kisha unakuja kuniiba.»

«Nasali juu ya ile, mama. Bila dhambi ningesali juu ya nini?»

Mama alicheka mpaka machozi. Sikumwona mama akicheka hivyo na mtu mwingine yeyote, tangu papa aende Bunia na kuoa huko.

Kuhusu kazi yake alikuwa na neno moja alilowaambia vijana: «Kadi haiko na mupira.» Maana yake, wewe unabeba, unasema unachojua, lakini anayepiga ni mwingine, na akishinda au akishindwa ni juu yake. Mchezaji wake akishinda hakuruka. Akishindwa hakununa. «Nilimwambia upepo. Upepo njo kazi yangu.» Nafikiri aliamini kabisa kwamba mtu anaweza kusema anachojua, kisha akaenda zake bila deni kwa mtu. Hapo ndipo alipokosea, kama alikosea.

Maana alijua mvua. Mvua ya kawaida aliipenda. Wengine wakikimbia chini ya bati, yeye alibaki nje na begi lake, analoa, anatabasamu. Lakini siku nyingine jua likiwa linawaka, mbingu bluu, alisema ghafla, «Batu baingie,» na wachezaji wa zamani waliomjua waliacha mpira ulipo na kuingia kwenye nyumba ya mawe ya klabu. Komite ilimpa filimbi kwa ajili ya hiyo. Nilisikia mchezaji mmoja akimuuliza anajuaje. Alisema miguu inamuwasha, na fimbo za chuma ndani ya begi zinaimba kidogo, sauti ndogo sana kama mbu. Mchezaji akaweka sikio kwenye begi. Hakusikia kitu.

Kwetu radi haianguki hivi hivi. Hata mwalimu wetu wa fizikia, aliyetufundisha umeme wa mawingu, siku radi ilipopiga ng'ombe wa jirani yake alituuliza, nusu utani, «Bon, nani alikosana naye?» Kuna watu wanaosemwa kwamba wanaituma, na kuna wanaosemwa kwamba wanaiuza. Nisiwe mnafiki: mimi pia, ikinguruma usiku, ninajiuliza nimemkosea nani.

Kabla sijazaliwa, kwenye shimo la saba, radi iliua mchezaji na kadi wake chini ya mti. Tonton kadi alikuwa nao. Aliwaambia waondoke pale, wakamdharau, akaondoka peke yake. Alikuwa hajafika mbali. Watu walimhesabia jambo hilo vibaya tangu siku ile, lakini kimya kimya, kwa sababu wachezaji walimlinda.

Kisha ikaja ya Dieudo. Huyo nilimjua, alikuwa mbele yangu darasa moja, mwenye mdomo mkubwa na meno mazuri. Alipanda kwenye paa la kwao kupigilia bati lililolegea. Tonton kadi alikuwa anapita barabarani na begi. Akasimama, mguu juu.

«Dieudo, shuka.»

«Tonton, jua iko!»

«Shuka, mutoto wangu, nakuomba. Utapanda kesho.»

Dieudo akapiga msumari mwingine kwa makusudi, akacheka. Wanawake waliokuwa kisimani walisikia yote. Tonton kadi akaenda zake, kwa sababu kadi haiko na mupira. Hakuwa amefika kwenye kona radi ilipopiga paa.

Tangu mazishi ya Dieudo watu walivuka barabara wakimwona. Kaka wa Dieudo anaitwa Trésor. Naye ni kadi, na siku ambazo hakuna wachezaji anauza petroli ya pikipiki katika chupa, kando ya barabara, karibu na sisi. Zamani tonton kadi ndiye aliyemfundisha kushika begi. Mchana mmoja Trésor alikuja kwenye meza ya mama, mzee akiwa anakunywa chai, akaweka chupa moja ya petroli katikati ya vikombe. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

«Tonton, sikia muzuri. Mara ya kwanza ulisema, batu bakakufa. Mara ya pili ulisema, mudogo wangu akakufa. Mara ya tatu hatutauliza tena swali.»

«Trésor, mimi nilimwambia ashuke.»

«Njo ile. Ulijua namna gani?»

«Miguu iliniwasha.»

«Miguu ya nani inawashaka mbele ya radi? Yangu haiwashake. Ya huyu mama haiwashake.» Akanigeukia. «Na wewe? Ya kwako inawashaka?»

Nilianza kufunga mkate ambao hakuna aliyeuomba. Tonton kadi akasema, «Acha mutoto,» kisha akasema, polepole, «Mbingu haiko na mwenyewe huku chini, Trésor. Ingekuwa na mwenyewe ningeenda kumwomba Dieudo mimi wa kwanza.»

«Tutaona,» Trésor akasema. Akaondoka akaiacha chupa. Mama aliishika kwa kitambaa, kama sufuria ya moto, akaiweka chini ya meza mbali na jiko. Ilibaki hapo. Hakuna aliyethubutu kuimwaga wala kuirudisha.

Kuanzia siku ile filimbi haikusikika. Mama alimshauri: ukijua, nyamaza, ingia ndani wewe peke yako. Akasema, «Nikiingia ndani peke yangu, mama, batasema nilijua. Nikibaki inje nao, nitakufa nao.» Mama akafunua beseni. Akampa mkate. Nilimwona mzee akianza kuvaa buti. Za mpira, nzito, kama za vijana. Nilielewa ni kwa ajili ya nini: hakutaka tena kusikia.

Sasa niandike siku ya mashindano.

Ilikuwa mwaka jana, wakati wa mvua kubwa. Komite ilimwalika mchezaji wa kulipwa kutoka Kinshasa, mtu ambaye golfu ndiyo kazi yake, aliyekwisha kucheza nchi nyingi. Alikubali kuja bure kwa ajili ya maternite, wodi ya wazazi, ambako watoto wanaozaliwa kabla ya wakati wanafunikwa na pamba na chupa za maji moto kwa sababu haina kuveza, zile mashine za kuwapa joto. Wafanyabiashara wa mjini waliahidi: le pro, yaani mchezaji huyo, akimaliza mashimo yote mbele ya watu, mashine zitanunuliwa. Makadi nao walisema watatoa malipo yao ya siku hiyo. Tonton kadi aliinua mkono wa kwanza. «Bale batoto bako kama mayai,» alisema. «Yai bila joto inaharibika tu.» Trésor aliinua mkono pia. Ninaandika hilo kwa sababu ni kweli.

Tonton kadi alikwenda kwa prezida kumwomba mchezo uanze alfajiri. Msimu ule, alisema, baada ya adhuhuri mbingu haina adabu. Prezida akacheka: «Papa, bakubwa habaamkake na kuku.» Akamwambia pia ile filimbi ibaki mfukoni, wageni wasiogopeshwe na mambo ya kartie.

Le pro alikuwa kijana mpole mwenye glavu nyeupe mkono mmoja. Aliulizwa anataka kadi gani. Akasema, «Nipe yule wa zamani kuliko wote.» Wakamwonyesha. Alitazama buti za mzee, akatazama majani, akauliza kwa heshima, «Papa, unasikiaje mteremko na buti hizo?» Niliona tonton kadi akifikiri. Ilikuwa siku ya kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Akaketi kwenye ngazi ya klabu, akavua buti, akaziweka sawasawa, moja kando ya nyingine.

Wakubwa walichelewa. Kisha hotuba, kisha wimbo wa wauguzi, kisha hotuba tena. Jua lilikuwa juu kabisa mpira wa kwanza ulipopigwa. Uwanja wetu una mashimo tisa, donc wanazunguka mara mbili. Sijui golfu sana lakini najua kutazama watu, na wale wawili walikuwa kama wamezaliwa pamoja. Mzee alisema neno moja, kijana alipiga, mpira ulikwenda. Watu walianza kupiga makofi hata kabla mpira haujaanguka.

Karibu na shimo la mwisho walisimamisha hema la nguzo za chuma. Ndani yake walikaa akina mama wa maternite na watoto wao migongoni na mapajani, wauguzi, na wageni kwenye viti vya plastiki. Mama na mimi tulikuwa hapo na beseni la mikate. Trésor alisimama kwenye shimo, kazi yake kushika bendera. Yalibaki mapigo machache tu. Jua lilikuwa linawaka. Watu walikuwa wanacheka.

Tonton kadi akasimama, mguu mmoja juu.

Le pro alikuwa amekwisha kutembea mbele. Akageuka: «Tunaenda, papa?» Mzee alibaki palepale. Alikuwa anamtazama Trésor, na Trésor, na bendera mkononi, alikuwa anamtazama yeye. Trésor akatikisa kichwa polepole. Hapana. Ilikuwa wazi kabisa, kama mtu anayeongea: usithubutu. Nilijua kile mzee alichokuwa anapima. Akipuliza na radi isianguke, yeye ndiye mzee mwongo aliyewanyima watoto mashine. Akipuliza na ianguke, ile chupa. Akinyamaza, labda ingeanguka mtoni tu, na angerudi nyumbani.

Mguu ukashuka. Akatazama hema, akawatazama watoto. Akatoa filimbi mfukoni, akaipangusa kwa kofia yake, akapuliza.

Prezida alikuja mbio, tai imeruka begani. «Papa! Unafanya nini? Jua hii hapa!»

«Batu bote batoke mu hema. Baingie mu nyumba ya mawe. Sasa hivi.»

«Imebaki shimo moja! Batoto banangojea mashini!»

«Batoto bako mu hema, prezida.»

Le pro hakuuliza. Aliweka fimbo chini, akaingia hemani, akamchukua mtoto mmoja mikononi mwa mama yake na kuanza kutembea kuelekea nyumba ya mawe, na mama huyo akamfuata, na kila mtu akafuata, wengine wakilalamika, wengine wakibeba viti. Mama aliacha beseni. Tulijazana ndani kama samaki wa kukaushwa.

Tukangoja. Hakuna kitu. Nje jua. Mgeni mmoja akasema wacheze tu, mzee amechoka, na watu wakacheka, na prezida akaanza kuomba msamaha kwa wakubwa mmoja mmoja. Tonton kadi alikuwa karibu na mlango na midomo yake inatembea. Sijui aliomba nini. Sijui hata ningekuwa yeye ningeomba nini.

Halafu kila kitu kikawa cheupe. Sauti ilikuja pamoja na mwanga, si baada yake, na nilihisi meno yangu. Tulipoweza kutazama, nguzo ya kati ya hema ilikuwa imepasuka, kitambaa kinawaka, na viti vya mstari wa mbele vimejikunja kama majani makavu. Mvua ikamwagika juu ya yote hayo. Mtoto mmoja alianza kulia, kisha wote.

«Muliona?» Trésor akasema. Si kwa sauti kubwa. Alisema hivyo tu.

Na watu walisogea. Hakuna aliyewaambia. Wale akina mama aliowatoa hemani walikuwa wa kwanza, walivuta vitambaa juu ya nyuso za watoto wao na kurudi nyuma, na wauguzi pia, na makadi, mpaka kukawa na duara tupu kwenye saruji na yeye katikati, na mvua ya mlangoni inamrukia miguuni. Mama alinivuta mkono. Mama yangu, aliyecheka naye mpaka machozi. Le pro peke yake alivuka duara lile, akamshika mikono miwili, akasema, «Papa, umetuokoa wote.» Alikuwa mgeni. Alirudi Kinshasa kwa ndege ya kesho yake akidhani ametuacha na shujaa.

Tonton kadi alichukua buti zake, akatoka, akaenda zake ndani ya mvua. Jioni, mvua ilipokatika, tuliona moshi upande wa kwake. Hakuwa ndani, Mungu asifiwe. Alikuwa ameondoka moja kwa moja, wala hakupita kuchukua mkeka. Asubuhi nikienda masomoni nilipita hapo, na harufu ilikuwa bado juu ya majivu, na nilijua harufu ile. Nyumbani nilitazama chini ya meza ya mama. Chupa haikuwepo. Sikumuuliza mama nani alikuja kuichukua, na yeye hakuniambia.

Kuveza ilifika moja. Wafanyabiashara wengine walisema shimo la mwisho halikuchezwa, donc ahadi imekufa.

Sasa likizo hii nilisafiri na shangazi kwenda Isangi kwa matanga, kwa baleinière, ile mashua kubwa ya mbao yenye mota. Tulisimama Yangambi kupakia magunia. Juu ya mizigo kulikuwa na mama mmoja mwenye shughuli ya samaki, mwanamume mwenye redio, na watu wengine wengi, na mwenye mashua alikuwa anapiga kelele tuondoke upesi, tumechelewa.

Nilitambua mgongo kwanza. Kofia haikuwepo, kichwa kilikuwa kimenyolewa, na alikuwa na gunia la mchele begani, anashuka kwenye ubao wa kupandia mashuani. Pekupeku. Wapakizi wenzake walimwita Zoba, yaani mpumbavu, na hakukasirika.

«Zoba, tembea! Unabeba mayai?»

«Nakuja, nakuja.»

Nilishuka kana kwamba ninakwenda kununua kwanga, ule mkate wa muhogo. Nilipopita karibu naye nilisema, na sijui nguvu ilitoka wapi, «Jambo, tonton.»

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yaleyale. «Jambo, mama mudogo,» akasema chini chini. «Mama yako anapona?»

«Anapona.» Nilitaka kusema mambo elfu. Nilitazama mto, ulikuwa laini, na jua juu yake. Nikauliza, «Tonton, iko muvula?»

«Mimi sijuake mambo ya muvula,» akasema. «Mimi nabebaka tu.»

Kisha akapanda kwenye ubao na gunia lake, akafika katikati, akasimama. Mguu mmoja ukainuka kidogo sana. Kisha akajikwaa. Ningesema alijikwaa, kama nisingekuwa nimemwona maisha yangu yote akitembea na begi zito kwenye matope bila kuyumba. Gunia likaanguka majini, na lile la nyuma yake likaanguka, na ubao ukateleza ukaenda na maji.

Kelele! Mwenye mashua alimtukana mpaka mama yake. Vijana wakaruka majini kuvuta magunia, na yeye kati yao akishika kamba upande usiofaa, akiifunga, akiifungua, akiomba radhi. Abiria walikuwa wanakufa kwa kicheko. «Bapakizi ba Yangambi!» mwanamume wa redio akasema. «Huyu hata maji anaweza kuiangusha!» Nilirudi mahali pangu karibu na shangazi. Nilikuwa ninatetemeka, na shangazi akauliza kama nina malaria.

Tulikuwa bado tumefungwa pale upepo ulipogeuka. Ng'ambo ya pili ilipotea. Mto ukawa mweusi, ukainuka, na radi ikapiga katikati ya maji, mahali ambapo tungekuwa, mara moja, halafu tena. Watu walipiga kelele, wakajificha chini ya turubai. Halafu, mtu anapoona hajafa, anaanza kuchekacheka.

«Asante, Zoba!» mwanamume wa redio akapaza sauti, na wengi wakacheka, na hata mwenye mashua akatabasamu.

Mama wa samaki hakucheka. Alikuwa mtu wa kupita pale mara nyingi, nilimsikia akisema hivyo. Alikaa chini ya turubai, maji yanamtoka kwenye nywele, akimtazama mzee aliyebaki nje ufukweni, ndani ya mvua, akikusanya magunia.

«Safari ingine pia aliangusha kitu,» akasema.

Mwanamume wa redio alikuwa anaipangusa redio yake kwa shati.

«Ile siku ya upepo mukubwa. Alipoteza kamba. Tulichelewa.» Alikuwa anafikiri polepole, kama mtu anayefungua fundo. Kisha akanigeukia. «Wewe mutoto. Nilikuona unasema naye. Unamujua?»

Watu wote wakanitazama, na haya yangu yote ikanipanda usoni.

«Hapana, mama,» nikasema. «Nilimuuliza fasi banauzia kwanga.»

«Na yeye anatokea wapi? Kisangani?»

«Sijui, mama. Simujui.»

Sauti yangu ilitoka safi, haikutetemeka hata kidogo. Yule mama aliniangalia muda mrefu. Kisha akatazama mbingu, kisha akamtazama yeye kule nje, ameinama na gunia, kisha mbingu tena.